Mpangaji kutoka Sulaimaniya

Mwaka ule Theodosia Mbano alikuwa na watu wawili waliomkosesha usingizi, na mmoja wao hakuwa hata ndugu yake.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma pale Mjimwema, mjini Songea. Marehemu mumewe, Mathias, alikuwa mtu wa chama cha ushirika tangu ujana wake mpaka ushirika wenyewe ulipoanza kuchechemea. Alimwachia nyumba hiyo, shamba la mahindi upande wa Ruhuwiko, na watoto watatu. Mabinti wawili walikwisha kuolewa Mbinga. Aliyebaki nyumbani ni kitinda mimba, Osmund, kijana mrefu mwenye haraka ya maisha.

Enzi za ruksa zilipoingia, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa sabuni na kanga ambazo zamani watu walizipangia foleni tangu alfajiri. Theodosia naye akaona asikae hivi hivi. Akaongeza vyumba viwili uani, akapangisha. Kimoja alikichukua Chiku, mshonaji wa Kiyao kutoka Tunduru, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na cherehani isiyolala. Cha pili kilikaa bila mtu miezi kadhaa, mpaka alipokuja mgeni mweupe mwenye masharubu mazito, fundi wa mitambo katika kampuni iliyokuwa ikichimba visima vijijini.

"Jina lako nani, baba?" Theodosia alimwuliza.

"Hama."

Chiku aliangua kicheko. "Hama? Uhame uende wapi, na ndiyo kwanza umefika?"

Jina lake kamili lilikuwa Hamasalihi. Kwao, alieleza, kila Muhamadi huitwa Hama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kwenye kambi za wachimba visima, kwa hiyo ilimchukua siku nyingi kukielewa kichekesho kile. Alipokielewa hakucheka sana.

Alikuwa mpangaji asiye na makuu. Aliamka mapema, akanywa chai nyeusi katika gilasi ndogo, akaenda kazini na kurudi na grisi mpaka kwenye nyusi. Jioni alikaa barazani kwa Theodosia, redio yake magotini, akizungusha kitufe cha mawimbi taratibu kama mtu anayepapasa gizani. Theodosia alimzoea. Alimwita mwanangu, naye akajibu mama, na mambo yangekwenda hivyo hivyo kama si vita.

Vita vya Ghuba vilipoanza, Januari ya mwaka tisini na moja, mtaa mzima ulijua kwamba mgeni wa Mama Osmund alitoka Iraki. Watu waliokuwa wakimsalimia wakaanza kuvuka barabara. Jumapili moja baada ya misa, Mzee Hironimus, balozi wa nyumba kumi, alifika na fimbo yake, akaketi bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mzee," Theodosia alisema.

"Marahaba. Theodosia, nimekuja kwa uzuri. Huyu mtu wako ni wa Sadamu?"

Kabla Theodosia hajafungua kinywa, Hama alitoka chumbani. Alikuwa amesikia. Alimpa mzee shikamoo kwa mikono miwili, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee, mimi si wa Sadamu. Mimi hata si Mwarabu. Mimi ni Mkurdi."

"Mkurdi ndiyo nini?"

Swali hilo lilichukua mchana wote. Hama alieleza kwamba Wakurdi ni watu wa milimani, wenye lugha yao na nguo zao, na kwamba nchi nne zimegawana milima hiyo bila kuwauliza wenyewe. Mji wake, Sulaimaniya, ulijengwa na mtawala wa Kikurdi zamani za mababu wa mababu, chini ya mlima unaovaa theluji wakati wa baridi. Alisema milima ya Matogoro ikichungulia juu ya mji wa Songea asubuhi humshtua moyo, maana kwa dakika moja hudhani yuko nyumbani. Aliwaeleza juu ya vibanda vya chai ambako wazee hushindana kwa mashairi, na mtu asiyejua shairi hata moja huonekana kama amekua bila mama. Alieleza juu ya wanawake wanaovaa magauni ya kumetameta kama samaki, tena si harusini tu, hata kwenda kula chini ya miti penye chemchemi. Akaeleza pipi nyeupe ya kwao, inayotokana na utomvu mtamu unaoganda juu ya majani ya miti huko milimani. Watu huukung'uta, wakaupika na kuuviringisha kwenye unga.

"Tunaiita mana," alisema.

Theodosia alishtuka. "Mana? Ile ya wana wa Israeli jangwani?"

"Hiyo hiyo, mama. Sisi tunaila na chai."

Mzee Hironimus alimtazama kama mtu anayepima gunia kwa macho. "Basi kama ni hivyo," alisema mwishowe, "kwa nini hukai kwenu ukala mana yako?"

Hama alijibu kwa sauti ndogo. Alikuwa ametoka kijana kwenda kusomea ufundi Ulaya ya mashariki. Masomo yalipokwisha, nchi yake ilikuwa vitani na Irani. Angerudi angevishwa magwanda kuipigania serikali iliyokuwa ikivunja vijiji vya watu wake mwenyewe. Hakurudi. Paspoti yake ikaisha muda, na ubalozini hakuthubutu kwenda. Kazi ikamtupa huku na huku mpaka ikamfikisha Songea. Mama yake na dada yake walikuwa bado Sulaimaniya.

Hironimus aliondoka bila kusema ameridhika ama hakuridhika. Neno paspoti lilimtia Theodosia hofu. Hakuogopa kwa ajili ya Hama peke yake. Alijua kwamba serikali ikianza kuuliza nani anaishi katika nyumba yake, itamwuliza na Osmund yuko wapi.

Osmund hakuwapo tangu kabla ya Krismasi. Alikuwa ameingia katika biashara ya magendo kama vijana wengi wa siku zile: anabeba chumvi, sabuni na mitumba mpaka Mkenda, anavuka Mto Ruvuma kwa mtumbwi na kuingia Msumbiji, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimewaacha watu wakivaa magome ya miti. Aliondoka na vijana wenzake wawili, akamwahidi mama yake kwamba Krismasi watakula pamoja. Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita. Majirani walipouliza, Theodosia aliwaambia kijana yuko Mbamba Bay kwenye biashara ya dagaa. Uongo huo aliuzoea hata ukawa unamtoka kabla swali halijakwisha, lakini kila alipousema alihisi kama amemtupa mwanawe mtoni kwa mkono wake mwenyewe.

Hama alijua. Nyumba moja haifichi kitu. Jioni moja alipozima redio alisema tu, "Mama, wewe unasikiliza barabara, mimi nasikiliza redio." Kuanzia siku ile walikaa barazani pamoja bila kuulizana kwa nini.

Mwisho wa Februari watu walikwenda Mahenge, hapo hapo Songea, kwenye kaburi la pamoja la Wangoni walionyongwa na Wajerumani baada ya vita vya Majimaji. Theodosia huenda kila mwaka, kwa sababu babu yake mzaa mama yumo. Mwaka ule Hama aliomba kufuatana naye. Alisimama kofia mkononi huku wazee wakitaja majina, na waliporudi nyumbani alikuwa na maswali mengi. Watoto wa walionyongwa walikula nini?

"Bibi yangu aliniambia Wajerumani walichoma ghala, wakachoma na mashamba," Theodosia alisema. "Walikimbilia vilimani, wakala mizizi na majani. Mama yangu alizaliwa huko huko. Wakunga walikuwa wamekufa kwa njaa, bibi akamkata mtoto kitovu mwenyewe."

Hama aliinamisha kichwa. Baadaye alimsimulia jinsi miaka mitatu iliyopita ndege za Sadamu zilivyomwaga hewa ya sumu juu ya mji mmoja jirani na wa kwao, watu wakaanguka milangoni na watoto mikononi. "Kwa hiyo mama," alisema, "nikisikia ndege ya abiria inapita hapa Songea, naangalia kwanza mama zenu wanafanya nini. Nikiona wanaendelea kutwanga, napumua."

Machi ikaja na mvua, na pamoja nayo habari zilizomfanya Hama arukeruke uani kama mtoto. Sadamu alikuwa ameshindwa vita, na watu wa Sulaimaniya walikuwa wameinuka, wakaufungua mji na magereza yake. Hama alizunguka na redio sikioni nyumba hadi nyumba, hata kwa wale waliovuka barabara kumkwepa. "Mji wangu!" alikuwa akisema. "Mji wangu umekuwa wetu!"

Mwaka mpya wa Wakurdi huangukia tarehe ishirini na moja ya mwezi huo, na usiku wa kuamkia siku hiyo huwashwa moto juu ya vilima vyote. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Chiku alimpikia futari ya uji na viazi vitamu. Walipokwisha kufuturu, mbingu ikiwa bado na wekundu, Hama alitandaza kuni katikati ya uwanja wa nyumba. Kuni zilikuwa zimelowa, zikatoa moshi tu, mpaka Theodosia alipozimwagia mafuta ya taa ya koroboi yake. Moto ukashika, ukapanda juu ya paa. Majirani walikuja mbio na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua.

Walimkuta Hama amemshika mkono Chiku na Chiku amemshika Theodosia, bega kwa bega, wakienda mbele hatua, nyuma hatua, huku Hama akipunga leso na kuimba kwa sauti iliyokwaruza. Wanawake waliweka ndoo chini. Mmoja akasema, "Ngoma hii inachezeka kabisa," akajipenyeza kwenye mstari, na wengine wakafuata.

"Kwaresima!" Sauti ya Mzee Hironimus ilitokea nyuma yao. "Kwaresima, na nyie mnacheza ngoma! Na wewe Chiku, mfungo wako u wapi?"

Mstari ulikatika. Hama alimwendea, machozi yakimtoka kwa moshi na kwa furaha. "Mzee, mji wangu uko huru."

"Nimesikia," Hironimus alisema. Aliutazama moto, akamtazama na Theodosia. "Lakini moto mkubwa hivi unaonekana mbali, mwanangu. Na wanaoona si majirani peke yao."

Theodosia hakupata usingizi wa maana usiku ule. Alikuwa ameifurahia ngoma, na furaha yenyewe ilimtia hofu, kama vile amejisahau na kuacha mlango wazi.

Wiki ya Pasaka haikuwa imekwisha habari za redio zilipogeuka. Majeshi ya serikali yalikuwa yamerudi kaskazini na vifaru na helikopta. Sulaimaniya ulikuwa umechukuliwa tena, na watu wake, kwa malaki, walikuwa wamekimbia kwa miguu kuelekea mpaka wa Irani, juu ya milima, katika mvua na theluji. Mtangazaji alisema watoto na wazee wanakufa njiani.

Hama aliacha kula. Alifunga Ramadhani na hata jua lilipozama alisahau kufungua, mpaka Chiku alipomwekea kikombe mkononi na kusimama pale pale kumwangalia akimeza. Mama yake alikuwa na goti bovu. Jambo hilo alilirudia mara kwa mara, kama vile ndilo pekee alilolijua duniani. "Goti lile halipandi hata ngazi, mama. Atapandaje mlima?" Usiku Theodosia aliota Osmund amebeba mgongoni mwanamke mzee mweupe, mto umejaa, na yeye yuko ng'ambo hawezi kuwaita.

Katika hali hiyo ndipo ulipokuja wito wa idara ya uhamiaji. Mpangaji na mwenye nyumba wafike wote wawili. Nani aliyepeleka habari, Theodosia hakuuliza. Ule moto uliwaka mbele ya macho ya watu wengi.

Afisa aliitwa Bwana Fransisko, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Aliitazama paspoti iliyokwisha muda, akaigeuzageuza, akaiweka mezani.

"Mama, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Ni mpangaji wangu, na ni kama mwanangu."

"Paspoti inasema ni Mwiraki. Yeye anasema sijui Mkurdi. Mimi nitamwamini nani?" Aliegemea mbele. "Mama, nitakuuliza maswali machache. Nikikukuta umenidanganya hata jambo moja, na haya mengine yote nitayahesabu ni uongo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alimwuliza mtu huyu alifika lini, anafanya nini, nani humtembelea. Theodosia alijibu. Kisha likaja lile alilolihofu tangu Januari.

"Nani mwingine anaishi nyumbani kwako?"

"Yupo Chiku, mshonaji. Na mwanangu Osmund."

"Osmund yuko wapi?"

Jina la Mbamba Bay lilikuwa limekwisha kufika kwenye ncha ya ulimi. Hama, aliyekaa kando yake, alimgeukia haraka na kutikisa kichwa kidogo, kama kusema, sema uongo, mama, usinijali. Kutikisa kichwa kule ndiko kulikoukata uongo ule. Alimwona mtu ambaye mama yake amepotea milimani, na bado anataka kumlinda mtoto wa mwingine.

"Amevuka mto," Theodosia alisema. "Alikwenda Msumbiji na chumvi na mitumba kabla ya Krismasi. Hajarudi. Sijui kama ni mzima."

Bwana Fransisko aliweka kalamu chini.

"Bila kibali?"

"Bila kibali."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilimfungia chakula cha njiani kwa mikono yangu."

Afisa alijifuta uso kwa leso. Alimwangalia Hama kwanza. "Wewe nikurudishe wapi? Redio inasema huo mji wenyewe hauna watu. Nitaandika makao makuu. Mpaka wajibu, utaripoti hapa kila Jumatatu." Kisha akamgeukia Theodosia. "Na wewe mama, kijana akirudi, umlete hapa. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Walirudi Mjimwema. Kuanzia siku hiyo, Theodosia aliposikia hatua za mtu njiani moyo ulimruka mara mbili: mara ya kwanza kwa tumaini kwamba ni Osmund, mara ya pili kwa hofu kwamba ni Osmund.

Msaada wa Hama ulitoka Peramiho. Katika karakana ya misheni kulikuwa na mtawa mmoja, Bruda Rupert, Mjerumani mzee aliyewahi kushirikiana naye kutengeneza pampu. Hama alikuwa na binamu aliyehamia Ujerumani. Bruda aliahidi kumtafuta kwa njia ya ndugu zake huko, naye binamu akatafuta kwa njia ya watu wa Msalaba Mwekundu. Mei ilikuwa inaelekea kwisha Bruda alipoleta habari kwamba binamu amepata jambo, na kwamba atapiga simu misheni Alhamisi.

"Nisindikize, mama," Hama alisema. "Sitaki kusikia peke yangu."

Walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha simu tangu asubuhi. Bruda Rupert aliwaletea mkate na chai, ambavyo hakuna aliyevigusa. Simu ililia mara kadhaa, kila mara ikiwa ya mtu mwingine, na kila ilipolia Hama alisimama na kuketi tena, mpaka Theodosia akamshika ukosi wa shati ili atulie. Hatimaye ikawa yake. Bruda ndiye aliyemwinua.

Theodosia aliusikia upande mmoja tu, na kwa lugha asiyoijua. Alisikia sauti ikipanda, ikivunjika, ikarudi. Kisha Hama akauliza jambo, akaliuliza tena, na mara ya tatu akalipigia kelele, kwa kuwa laini ilikuwa mbaya. Alipopata jibu akasema neno moja, akaurudisha mkono wa simu mahali pake polepole mno.

"Dada na watoto wako hai," alimwambia nje, chini ya jua. "Wako kambini Irani. Mama alikufa njiani. Baridi. Walimbeba siku moja, halafu..." Alimshika Theodosia mkono. "Nimeuliza amezikwa upande gani wa mpaka. Upande wetu, mama. Kwa mwendo wa saa moja tu, lakini ni upande wetu."

Theodosia alimkumbatia pale pale mbele ya watawa.

Msiba ule ulikaliwa Mjimwema kama misiba yote. Chiku alitandika mikeka, akamleta shehe akasoma dua. Wanajumuiya wenzake Theodosia wa kanisani walikuja na unga na maharage, wakaimba kwa sauti za chini. Wale waliokuwa wakivuka barabara walikuja pia, wakakaa kwa aibu ukingoni. Mzee Hironimus alifika na mzigo wa kuni begani, yeye mwenyewe na umri wake ule, akautua uani.

"Mama yako aliitwa nani?" alimwuliza Hama. "Siwezi kumwombea mtu bila jina."

"Piroza."

"Piroza," mzee alirudia, akavua kofia.

Arobaini haikuwa imetimia. Asubuhi moja ya Juni, baridi ikiwa imeushika mji, Theodosia alikuwa uani akipepeta mahindi. Migomba ya nyuma ya nyumba ikatikisika, akatokea mtu mwembamba mwenye ndevu, amejifunga gunia kiunoni. Alisimama pale kama anayeomba ruhusa.

"Mama," alisema.

Ungo ulimwanguka. Chiku, aliyekuwa mlangoni na nguo ya mteja mkononi, alielewa kabla yake, akapanua kinywa kupiga vigelegele. Theodosia aliruka akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza! Kuna msiba uani!"

Osmund alipowafikia, akamvuta kifuani kwa mkono wa pili bila sauti, akimpapasa mbavu, masikio, vidole, kama anayehakikisha vyote vimerudi. Hapo ndipo mlango wa Hama ulipofunguliwa. Alimtazama kijana, akamtazama Theodosia na kile kiganja kilichokuwa bado juu ya mdomo wa Chiku.

"Mbona kimya?" aliuliza.

"Una msiba, mwanangu. Si vizuri."

"Mama, kwetu wanawake nao hupiga hivyo hivyo, kwa ulimi. Mama yangu alikuwa akisikika mpaka mtaa wa tatu." Alimgeukia Chiku. "Angekuwa hapa, angeanza yeye. Mwache Chiku apige."

Theodosia aliondoa mkono. Chiku alipiga vigelegele huku akilia, mtaa ukaitikia kutoka nyumba hadi nyumba, ndoo zikawekwa chini, watu wakaja mbio. Theodosia alikaa chini kwenye mahindi yaliyomwagika, akamshika mwanawe mguu, akaushikilia.

Osmund alisimulia machache. Watu wenye bunduki waliwakamata msituni, wakawafanya wapagazi wao. Mmoja wa wenzake hakurudi, na habari hiyo ilibidi Theodosia aende kuwaambia wazazi wa kijana yule huko Ruhuwiko, safari ambayo hakupenda kuizungumzia baadaye. Jumatatu iliyofuata Hama alipokwenda kuripoti, walikwenda watatu. Bwana Fransisko alimweka Osmund chumba cha ndani mpaka alasiri, huku mama yake akiwa nje hakai hasimami. Alipomtoa alimkabidhi kwa maneno mafupi: "Ameniambia yote. Akivuka tena bila kibali, hata wewe sitakutazama usoni."

Hakuvuka tena. Hama alimchukua kama msaidizi, akamfundisha pampu na injini, na mwaka uliofuata, karatasi za Hama zilipokubaliwa Ujerumani kwa juhudi za binamu yake, Osmund akabaki karakanani Peramiho kwa Bruda Rupert. Siku ya kuagana Hama alimbusu Theodosia mkono na kuuweka kwenye paji la uso wake, kama wafanyavyo kwao kwa wazazi. Alisema akitulia atakwenda kulitafuta kaburi lile mlimani.

Kama alilipata, hakuna aliyejua. Mwaka tisini na nne redio ilitangaza kwamba Wakurdi wameanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na jina la Sulaimaniya likatajwa. Theodosia, ambaye kwa sasa alikuwa na mjukuu mgongoni na mpangaji mpya, nesi asiye na matatizo, alirudi barazani jioni na redio magotini. Osmund alimwambia aache kujitesa, Hama yuko Ulaya, mbali na risasi. "Una hakika gani?" alimjibu. "Na dada yake je?"

Jumapili ile alikwenda parokiani mapema kuandikisha nia ya misa. Wakati wa matangazo katekista alisoma nia moja baada ya nyingine, marehemu wa ukoo huu, mgonjwa wa nyumba ile, kisha akakwama.

"Na kuwaombea watu wa... Sula... Sulai..."

Vichwa viligeuka. Theodosia alisimama kwenye benchi lake, mtoto mgongoni, akalisema jina la mji ule kwa sauti, lote, kama alivyofundishwa na Hama. Katekista alilirudia baada yake, na kanisa zima likaitikia.